Safu ya Maelezo

Kipima mvua cha Urambo ni kopo la shaba tu,
limesimama nyuma ya ghala la chama cha tumbaku
ndani ya uzio ambao mbuzi wanaudharau.
Saa tatu asubuhi, kila siku, miaka thelathini na minne,
baba yangu Mlekwa alilifunua,
akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari,
akainama hadi jicho likawa sawa na maji
(ukisimama, alisema, maji yanakudanganya),
akaandika.

Daftari lina safu tatu: tarehe, milimita, maelezo.
Ya tatu hakuna ofisi iliyowahi kuiulizia.
Aliijaza kwa ridhaa yake.

Mwaka ule upepo ulipong'oa paa la ghala
na mabati yakaenda kulala kwenye mihogo ya Mama Kalunde,
mji mzima ulitoka barabarani ukiapa:
tangu tuzaliwe! tangu Urambo iitwe Urambo!
Mchungaji aliona mwisho wa nyakati.
Karani wa mizani aliona mkono wa mtu fulani wa Kaliua
aliyeumwa na bei ya msimu.
Baba akaandika: 91.4. Haijawahi kutokea.

Daftari nimelirithi, pamoja na miwani isiyonifaa.
Juzi, nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakuta
Haijawahi kutokea, Machi, miaka tisa kabla ya paa.
Haijawahi kutokea, Desemba, miaka kumi na sita kabla.
Mwandiko uleule, ile h yenye tumbo,
kalamu imekandamizwa hadi karatasi imetoboka.
Na milimita zake zinaipita ile ya paa, zote mbili.
Nilicheka peke yangu hadi kuku wakatawanyika.

Mtu mwenye daftari mkononi!
Kufunua kurasa nyuma tu, basi.
Lakini mvua ikiwa juu ya bati lako
nani atasikia mvua nyingine?

Nilipokuwa msichana nikiuza asali pale stesheni
treni ya Kigoma ikiingia ilikuwa dunia yote:
mabehewa, moshi, mikono madirishani,
mtu anakudai chenji huku magurudumu yameshaanza.
Ungeniuliza habari za mji ningekuambia, mji upi?
Ikishapita, ng'ambo ya reli
yule fundi cherehani yupo, mguu uleule kwenye pedali,
anamalizia pindo alilolianza kabla ya honi.

Na kuna ile siku niliyokuwa naitafuta.
Tarehe kumi na nne Julai. Kiangazi. 0.0.
Asubuhi hiyo kaka yangu Mihayo alipanda lori la kwenda Mpanda
na kilo mbili za unga na redio ya kuazima.
Alisema Ijumaa. Hakusema Ijumaa ipi.
Mama alikuwa akigombana na jirani kuhusu ndoo,
na ndoo ndiyo ninayoikumbuka: ya bluu, mpini wa waya.
Mihayo alipunga mkono, nadhani.
Mimi nilikuwa naangalia ndoo.
Safu ya tatu, kwa wino mwepesi,
mwandiko wa mtu anayewahi chai:
Hakuna jambo.

Baba hakurudi kuirekebisha.
Kalamu nyekundu alikuwa nayo, alisahihisha hata desimali.
Ijumaa zilipita, na mvua zikarudi,
yeye aliandika milimita.

Leo asubuhi jirani anapiga kelele juu ya ua
kwamba nchi imekwisha, nikaisikilize redio.
Nimeinama. 3.2.
Mwanangu Shija amekuja nyuma ya ghala kuomba nauli,
atarudi Jumamosi.
Jumamosi ipi, nimemuuliza, naye amecheka,
akaruka uzio kama mbuzi.
Kelele za jirani sikuziandika, ingawa huenda ana haki.
Nimeandika: shati la kijani, kifungo cha pili hakipo.
Kisha nikafunika kopo.